Barafu Iliyolala Ubavu

Nianze na mkojo, kwa sababu watu wakisikia utafiti wa neva wanafikiria makoti meupe na mashine zinazowaka taa. Mimi kila Jumatatu asubuhi nilipita kliniki ya wajawazito kwa nesi Dorcas, rafiki yangu tangu shule ya msingi, akanipa chupa ya juisi iliyojaa mkojo wa mama mwenye mimba changa. Niliifunga kwa gazeti, nikaitia kikapuni, nikatembea nayo mpaka kituo chetu cha utafiti, ufukweni, upande wa Pasiansi. Wenzetu wa ng'ambo walinunua homoni ya unga. Sisi tulikuwa na wajawazito, na hao Mwanza hawajawahi kuadimika.

Mkojo ule tuliuchuja, tukawadunga vyura, jike na dume, wale wa majini wenye kucha tuliowavua wenyewe kwenye mabwawa ya kunyweshea ng'ombe njia ya Kisesa. Kesho yake ndoo ilikuwa imejaa mayai. Zamani hospitali zilitumia chura kupima mimba: chura akitaga, mama ni mjamzito. Daktari Chenge alijifunza kazi hiyo akiwa kijana, na yeye ndiye aliyenifundisha mimi. Sisemi hili kumsifu. Nalisema kwa sababu ni kweli, na mimi bado ni mtu wa kusema kweli ingawa imeniponza.

Naitwa Teodora Mashimba. Mwaka 1999 nilikuwa na miaka thelathini na moja na cheti cha ufundi wa maabara. Sikuwa na digrii. Kituo kilikuwa cha serikali, na serikali miaka ile ilikuwa inauza au kufunga karibu kila kilichokuwa chake. Wenzetu saba walikuwa wameshapunguzwa kazini, na vyumba vitatu vilikuwa na kufuli. Tulibaki wawili kwenye maabara ya vyura, Daktari na mimi, kwa sababu ya Profesa mmoja wa ng'ambo, mwanamke, aliyewahi kututembelea, akaona ninavyopasua kiinitete cha chura kwa sindano mbili, akasema hajaona mikono iliyotulia namna ile. Tangu hapo alikuwa akitutumia vifaa na barua.

Swali letu lilikuwa hili. Kiinitete kinapokua, kila neva ya mgongoni inatoa uzi, na uzi huo una ncha inayotambaa ikitafuta pa kwenda. Ncha haina macho. Ina vipokezi, yaani protini zilizopachikwa kwenye utando wa seli, nusu nje, nusu ndani. Nusu ya nje inashika ujumbe unaoelea majini, nusu ya ndani inaiamrisha ncha igeuke au isigeuke. Kuna ujumbe wa kuvuta na kuna ujumbe wa kufukuza. Profesa alitutumia protini mbili za namna hiyo, nikazigawa kwenye vichupa vidogo nikavigandisha, na majina yake yalikuwa marefu mno kwa kifuniko kidogo. Nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika ninavyojua mimi. Kwenye ile ya kuvuta niliandika Njoo, na kwenye ile ya kufukuza, Toka. Daktari alicheka siku hiyo mpaka akavua miwani.

Sasa ncha ikisikia Njoo na Toka kwa wakati mmoja, inafanya nini? Sisi wote tulidhani inapima. Kiasi huku, kiasi kule, halafu inapita mahali katikati. Daktari alikuwa tayari kuweka dau la soda.

Kazi yenyewe ilikuwa ya macho na subira. Unakata kipande cha mgongo wa kiinitete, unakiweka kwenye sahani yenye maji ya chumvi, unasubiri saa kadhaa nyuzi ziote. Hapo unasogeza sindano ya kioo, nyembamba kiasi kwamba huioni bila darubini, na ndani yake kuna protini inayotoka kidogo kidogo. Darubini yetu ilikuwa na kioo cha kuchorea: jicho linaona neva, mkono unaona karatasi, penseli inafuata. Nilichora ncha ilipo, nikasubiri saa nzima, nikachora tena ilipofika. Umeme ukikatika nilisogeza meza dirishani, nikatumia mwanga wa ziwani.

Njoo ikiwa peke yake, karibu ncha zote zilikata kona kuifuata sindano. Toka ikiwa peke yake, neva zikiwa changa namna ile, hazikujali. Lakini nilipoziweka zote mbili kwenye sindano moja, ncha hazikuifuata Njoo na wala hazikukimbia. Zilinyooka zikaenda zake. Kilichoniinua kitini ni kwamba zilikuwa zinaota kwa kasi, kasi ileile ambayo Njoo huipa neva. Maana yake Njoo bado ilikuwa inazifikia. Zilikuwa zinaipokea na kukua kwayo, ila zimeacha kuitika mwito wake.

"Haipimi," nilimwambia Daktari. "Ingekuwa inapima, nyingine zingegeuka kidogo na nyingine kidogo zaidi. Angalia hapa. Hakuna hata moja."

Alipanga michoro yangu arobaini mezani, akaitazama mmoja mmoja, akaiangalia tena kuanzia mwisho.

"Kipokezi cha Toka kinamnyamazisha mwenzake," alisema taratibu. "Labda kwa ndani, chini ya utando. Kinamkamata mkia, yule wa Njoo anabaki na mdomo wazi nje lakini amri haifiki. Teodora, hili ni jambo."

Huko chini ya utando hatukuwa na namna ya kuona, kwa hiyo hayo yalikuwa makisio tu. Michoro haikuwa makisio. Mwezi wa tano nikarudia yote tangu mkojo hadi penseli, na michoro ikasema vilevile. Daktari alininunulia soda mbili. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi kwa mtu ambaye hajawahi kujua kitu kabla ya wengine.

Profesa akajibu kwa barua ya kurasa tatu. Alisema tukipata jibu hilohilo kwa mara ya tatu kabla ya mwisho wa Juni, ataandika makala, jina langu litakuwa la kwanza, na nafasi ya masomo aliyokuwa nayo kwenye chuo chake, miaka mitatu kamili, itakuwa yangu. Kwa cheti changu hakukuwa na mlango mwingine wa kupitia. Nilijua kwamba kituo kikifungwa nitarudi kijijini, Bujora, kwa mama, nikalime pamba. Kilimo si aibu. Lakini nilikuwa nimeona kitu, na nilitaka kuwa mtu anayeulizwa juu yake.

Siku hizo Daktari alikuwa anatowekatoweka. Ulaya ilikuwa imewakataa samaki wa ziwa letu, na viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinatafuta watu wa kupima vijidudu ili vikubaliwe tena. Alikuwa anakwenda Nyakato kwenye kiwanda kimoja, akirudi viatu vyake vinanuka klorini. Aliniambia ni mikutano. Nilijua ana watoto wanne shuleni na mshahara wetu ulikuwa unakuja unapojisikia. Nikamhurumia. Nilisema moyoni, huyu mzee anavutwa huku na kule, anapima. Nikachukua kazi zake nyingine, nikaosha hadi ndoo zilizokuwa zamu yake.

Jaribio la tatu lilikuwa Jumatano, tarehe kumi na sita Juni. Nilifika saa mbili kasoro robo nikamkuta Daktari ameshafika, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu Pasaka. Vichupa viwili vya Njoo na viwili vya Toka vilikuwa mezani kwangu, vimeshayeyuka, vimekaa kwenye kikombe cha barafu.

"Nimekuyeyushia," alisema. "Usipoteze muda."

Nilimshukuru. Naomba hilo likumbukwe, nilimshukuru, tena kwa maneno mengi.

Kufika saa sita mchana nilikuwa na michoro kumi na miwili ya Njoo na Toka kwa pamoja. Katika yote kumi na miwili, ncha zimekata kona. Ncha zote zimeifuata Njoo, utadhani Toka haikuwepo kabisa duniani. Nikamwaga, nikaosha sindano, nikachanganya upya, nikahesabu matone kwa sauti. Jioni nilikuwa na michoro mingine kumi na tano, na yote inasema hivyohivyo. Daktari alikuwa amesimama dirishani muda wote huo akiangalia nje.

Nililia. Sioni sababu ya kuficha. Nililia kichwa kikiwa juu ya meza, nikasema nimekosea mahali. Labda nimesahau kutia Toka, labda nimesahau leo, labda nilikosea zile siku za mwanzo, sijui.

Aligeuka kutoka dirishani. Kisha akasema, "Mikono huchoka, Teodora."

Basi. Hakusema zaidi ya hapo. Nilimshika mkono kumshukuru tena, kwa sababu sikusikia lawama katika sauti yake, na mimi nilistahili lawama.

Nikaomba turudie. Kulikuwa na vichupa vitatu vya Toka vimebaki na wiki mbili mkononi. Akasema hapana, tusimpotezee Profesa protini yake kwa sababu hatutaki kukubali. Tumwandikie, mwenye utafiti ni mtu wa kusema matokeo yalivyo. Akaniambia niandike mimi, kwa mkono wangu, kwa kuwa mikono iliyofanya kazi ni yangu. Nilikaa nikaandika kwamba jaribio la tatu limetoa jibu tofauti. Yeye alikuwa nyuma ya kiti changu anasoma.

"Ongeza sentensi juu ya yale mawili ya mwanzo," alisema. "Sema huenda nayo yalitokana na kosa la kuchanganya. Atapenda uaminifu wako."

Nikaongeza. Nikatia sahihi, naye akatia sahihi chini yangu, akaenda mwenyewe posta.

Jibu lilikuja Julai. Lilikuwa la upole, na huo upole ndio ulionimaliza. Profesa alinishukuru kwa ukweli, akasema watu wengi wangeficha, na kwamba nafasi ameshampa mwanafunzi mmoja wa Nairobi. Alinitakia heri. Wiki kadhaa niliangalia mikono yangu nikiichukia. Nilivunja glasi nyumbani, nikasema unaona. Dorcas alinidunga sindano ya malaria akaniambia mbona unatetemeka, na mimi nikamjibu ndivyo ilivyo mikono yangu siku hizi, hukusikia?

Agosti ikatangazwa kwamba maabara yetu inafungwa na vifaa vinaazimwa kiwanda kilekile cha Nyakato, na Daktari Chenge ndiye mkuu wa maabara yao mpya. Nilimpongeza. Nilimaanisha pia. Nikapewa kazi ya mwisho, kuorodhesha vifaa na kusafisha friza.

Ilikuwa friza ya kulala, ile ya kufungulia juu, na kuta zake zilikuwa zimeota barafu nene. Nilichomoa umeme, nikaanza kuibandua kwa kijiko cha mbao kabla haijaanza kulainika. Pembeni, juu, pale ambapo siku zote palikaa kibao cha vichupa vya Toka, barafu ilitoka na kipande cha karatasi ya nailoni. Kulikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu, mwandiko wa Daktari: minofu, sampuli ya sita, tarehe kumi na mbili Juni. Nilishangaa kidogo tu. Minofu ya samaki ilifuata nini kwenye friza ya protini?

Nikakitoa kile kibao cha Toka kilichokuwa mahali pake. Vichupa vitatu, vimesimama wima kama nilivyovizoesha. Nikaviinua juu kwenye mwanga ili niandike hali yake kwenye orodha.

Mimi ninagandisha vichupa vikiwa wima. Siku zote. Maji yakiganda wima, barafu inakaa chini ya kichupa, uso wake umelala sawa. Hivi vitatu, barafu ilikuwa imelala ubavuni, imepanda ukuta mmoja wa kichupa kutoka chini hadi karibu na kifuniko, na upande wa pili kuna uwazi mtupu. Vichupa vilikuwa vimesimama, na barafu ndani yake ilikuwa imelala.

Nikaketi sakafuni. Akili haikuniambia mara moja, nilivigeuzageuza kwanza. Barafu inalala vile kwa njia moja tu: kichupa kimeyeyuka, kimelazwa, kikagandishwa tena kikiwa kimelala, halafu mtu akakirudisha wima kwenye kibao. Nikasema labda ni umeme. Nikachukua vichupa vya Njoo kutoka chini kabisa ndani ya friza. Barafu yake ilikuwa sawa, chini, vilevile nilivyoiacha mimi. Umeme hauchagui kibao. Na protini ile Profesa alituonya tangu mwanzo kwamba ikiyeyuka na kukaa kwenye joto imekwisha, inabaki maji tu.

Kwa hiyo Jumatano ile nilikuwa nimeweka kwenye sindano Njoo iliyo hai na Toka iliyokufa. Ncha zangu zilifanya haswa zilichopaswa kufanya. Kila mchoro ulikuwa sahihi. Mikono yangu haikuwa imekosea kitu.

Na ndipo nilipokumbuka nani aliniyeyushia vichupa asubuhi ile, kabla sijafungua friza mwenyewe na kuona.

Daktari alikuja mchana kuchukua orodha. Alikuwa amevaa shati jipya. Nilikuwa nimeviweka vichupa vitatu mezani ndani ya kikombe cha barafu, pamoja na ile karatasi ya nailoni.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Umemaliza?" Kisha akaona meza. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na vichupa hakuhitaji kuelezwa. Alivuta kiti akakaa.

"Ulijua lini?" nilimuuliza.

"Jumatatu ile," alisema. "Jumamosi kiwanda kilileta sampuli nyingi, hazikuenea frizani. Nikatoa vichupa vyako vya Toka nikavilaza kwenye kopo la barafu, nikasema nitarudi saa kumi. Kule wakanishika mpaka Jumatatu. Nilipofika kopo lilikuwa maji ya uvuguvugu."

"Ukavirudisha kwenye friza vikiwa vimelala vilevile."

"Nikavirudisha. Nilidhani labda vitakuwa vizima."

"Daktari, wewe hukudhani hivyo. Ungedhani hivyo usingevisimamisha tena kwenye kibao ili nisijue vililala. Usingewahi kuja asubuhi kuniyeyushia."

Nje wavuvi walikuwa wanapakua dagaa, walikuwa wanataniana kwa Kisukuma.

"Ungeniambia siku ileile," nilisema. "Tungeomba Profesa atume vingine. Angetuma. Angetupa hata mwezi. Ajali ya friza, nani hajawahi kupata?"

"Angeuliza kilichotoa vichupa frizani. Ningesema nini? Kwamba nafanyia kiwanda kazi ya kificho kwenye maabara ya serikali, na hata mkataba sijapewa? Ningefukuzwa huku kabla sijapokelewa kule. Teodora, nina watoto."

"Najua una watoto. Nimewafundisha wawili hesabu hapa hapa kwenye hii meza."

"Sikutaka ufike ulikofika," alisema. "Nilitegemea utasema ni Toka mbovu. Ukajilaumu mwenyewe."

"Na ulisimama pale dirishani ukaniacha nijilaumu. Halafu ukanisomea sentensi ya kuongeza."

Hapo aliinamisha kichwa, na nadhani alitaka nimwonee huruma. Miezi yote ile nilikuwa nimemwona mtu anayepimapima, kiasi cha kiwanda, kiasi cha haki yangu, moyo unamuuma katikati. Sasa nilimwona alivyo. Hakukuwa na upimaji. Siku kiwanda kilipomshika, mimi nilinyamazishwa ndani yake, moja kwa moja, na aliendelea kunisalimia na kula ugali wangu wa mchana na kupokea shukrani zangu. Alikuwa ananipokea kila siku, ila hakuna kilichofika ndani. Nilikuwa nimelichora jambo hilo mara arobaini kwa penseli na sikulitambua lilipokaa mbele yangu kwenye kiti.

"Njoo ufanye kazi na mimi kiwandani," alisema. "Nimeshaongea na meneja. Nimemwambia kweli tupu, kwamba sijawahi kumfundisha mtu mwenye mikono kama yako."

Nilimtazama. Kumbe sentensi hiyo alikuwa nayo. Alikuwa nayo Juni nilipolia, alikuwa nayo Julai nilipoivunja ile glasi, ameitunza salama, na ameitoa siku ambayo yeye ndiye anahitaji fundi.

"Iandike," nilimwambia. Nikasogeza karatasi na kalamu. "Hiyohiyo. Iandike kwa Profesa, na uandike tarehe kumi na mbili Juni kilitokea nini. Nitaipeleka posta mwenyewe."

Alichukua kalamu. Nakiri moyo wangu ulipanda. Aliandika tarehe juu ya karatasi, akaandika jina la Profesa kwa ule mwandiko wake mzuri, kisha akaiweka kalamu chini.

"Siwezi," alisema. "Nikiandika hili nimejimaliza. Huku na kule. Nisamehe, Teodora."

"Sikusamehe," nilisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu mtu mzima hivyo, na sauti yangu haikutetemeka. Wala mikono.

Alichukua orodha yake akaondoka. Kesho yake lilikuja lori kubeba darubini na friza. Barafu haisafiri kwa posta, na picha ya barafu ile niliyoipiga jioni hiyo kwa kamera ya Dorcas ilitoka nyeusi tupu. Nilichobaki nacho ni michoro na maneno.

Nikamwandikia Profesa mimi. Nilieleza yote kwa mpangilio, friza, karatasi ya nailoni, vichupa vitatu, niliyoambiwa na Daktari kwa mdomo wake. Sikubembeleza na sikumtukana mtu. Nilimwomba protini mpya na wiki tatu, mahali popote atakaponipa meza.

Alijibu baada ya majuma saba. Alisema ameisoma barua yangu mara nyingi na anatamani kuiamini. Lakini anayo mkononi barua ya Juni, yenye mwandiko wangu na sahihi mbili, inayosema hata majaribio mawili ya mwanzo huenda yalikuwa na kosa, na sasa ana barua yenye sahihi moja inayosema kinyume, imekuja baada ya nafasi kwenda kwa mwingine. Alisema nimwelewe. Msimamizi wangu akithibitisha kwa mstari mmoja tu, atalifungua upya jambo hili, na mwakani kuna nafasi nyingine.

Nilisimama na barua hiyo nje ya posta kwa muda mrefu. Siku nilipokiri kosa ambalo sikulifanya niliaminiwa mara moja. Sasa ukweli wangu ulihitaji mdhamini, na mdhamini ni yeye.

Nilikwenda Nyakato Jumanne. Sikutaka kwenda, nilikwenda. Mlinzi wa kiwanda aliniambia nisubiri getini, na Daktari akatoka amevaa gamubuti nyeupe na kofia ya wavu, amenenepa kidogo. Nilimpa barua. Aliisoma yote akiwa amesimama juani, hadi mwisho, na nilimwona macho yake yakirudi pale Profesa alipoomba mstari mmoja tu. Ungemtosha upande wa nyuma wa ile karatasi. Kalamu ilikuwa mfukoni mwake.

Akaikunja barua kwa mikunjo yake ileile, vizuri, akanirudishia. Akavua glavu ya mkono wa kulia kana kwamba anataka kunipa mkono, akabaki nayo.

"Mama hajambo?" aliniuliza.

"Hajambo," nilisema. "Tangu uliponipa kazi amekuwa akikutaja kwenye sala zake kanisani Bujora, kila Jumapili, kwa jina lako kamili. Jumapili iliyopita nilimwambia aache."